Niliandika Kwamba Dorsila Hana Mtoto

Kazi ya mzee wa kijiji nimeiacha mwezi uliopita. Nusu ni magoti yaliyoniachisha, na nusu ni ile kesi nitakayowaeleza. Naibu wa chifu ameniomba niwaandikie nyinyi mlioteuliwa juzi, na niandike kwa Kiswahili, kwa sababu kati yenu kuna Wajaluo, kuna Wakuria, na kuna yule bwana wa Kiluhya aliyeoa hapa akakataa kurudi kwao. Mimi nilisoma hadi darasa la nne. Mkiona kosa la herufi, lipiteni. Kosa la maana nitawaonyesha mwenyewe.

Mtaulizwa kwa nini mwanamke aliitwa mzee. Jibuni mnavyotaka. Mimi nilikuwa najibu kwamba chifu alitafuta mwanaume asiyelewa asubuhi akakosa. Kuhusu mshahara sina la kusema, maana hakuna kilichokuwepo cha kusemwa.

Nilipoanza, watoto wangu wa mwisho walikuwa bado shule ya msingi. Chifu alinikabidhi kwa Aloo, tuliyemwita Jaduong', yaani mzee wa heshima, mzee wa kijiji aliyenitangulia, nijifunze kwake kabla hajapumzika. Siku ya kwanza tulienda kwenye boma moja upande wa Karungu. Mwenye boma alikuwa amefariki, na familia ilitaka barua ya chifu. Hii barua mtaikuta sana, kwa hiyo ieleweni vizuri. Mtu akifa akaacha shamba, mahakama haifungui faili mpaka chifu aandike marehemu ameacha wake gani na watoto gani. Chifu hajui. Anamwuliza mzee wa kijiji. Kwa hiyo ile karatasi yenye mhuri inayopelekwa Migori au Homa Bay, maneno yake yanatoka kwenye daftari lako wewe, uliyekaa kwenye kigoda cha watu na uji mkononi.

Aloo hakukaa. Alisimama langoni kidogo, kisha akaenda nyumba ya kwanza akaomba maji ya kunywa. Akaenda ya pili, akaomba maji. Ya tatu, maji tena. Nikamwuliza, "Jaduong', hii kiu ni ya nini?"

"Sina kiu. Naangalia nani anamtuma nani."

Kweli. Mama wa nyumba anapotaka kumpa mgeni maji, anaita mtoto wa nyumba yake. Hata ukae boma hilo mwezi mzima ukiuliza maswali, hutaambiwa ukweli mwingi kuliko huo. Aloo alinifundisha kwamba sisi hatuhesabu wake, tunahesabu nyumba. Mjane akizaa baada ya kurithiwa, mtoto ni wa nyumba ya marehemu. Na mke mkubwa asiyejaliwa kuzaa akienda kwao akaleta binti wa kaka yake aje azae ndani ya nyumba yake, basi watoto wa binti huyo ni wa nyumba ya mke mkubwa. Yule binti hajengewi nyumba yake. Anapika jiko moja na shangazi yake. "Hapo ndipo watu wa ofisini watakuchanganya," Aloo aliniambia. "Wewe usichanganyike."

Nilikumbuka maneno hayo miaka mingi. Nikayasahau siku moja tu.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Daftari la miraba, kwa sababu mistari yake inakusaidia kuchora boma. Kalamu mbili, moja ya kuandikia na nyingine ya kuibiwa na wanaotia sahihi. Gambuti. Filimbi niliyopewa na ofisi sikuwahi kuipuliza. Mjukuu wangu aliipuliza siku nzima nikaificha mpaka leo sijui ilipo.

Mambo mengine ya kazi mtayajua wenyewe. Mtaitwa kwa ajili ya mkonge uliong'olewa mpakani na ng'ombe aliyekula mahindi. Mtaletewa uongo wa kila aina. Ndugu wawili walinijia wakitaka niandike kwamba ndugu yao wa tatu amekufa, kwa kuwa alikuwa Mombasa muda mrefu bila habari. Nikawauliza kaburi liko wapi. Mmoja akasema Mombasa, mwingine akasema alizama ziwani, na wote walisema kwa pamoja. Nikafunga daftari. Yule marehemu alikuja Krismasi, na mke.

Sasa nieleze ya boma la Ogola.

Ogola alikuwa jirani yangu hapa Osiri. Mke wake wa kwanza, yaani mikayi, ni Dorsila, binti wa Kosele kule Homa Bay. Hakujaliwa mtoto. Ogola akaoa mke wa pili, Jenipher, akamjengea nyumba, akazaa naye wanne, mkubwa wao akiwa Wycliffe. Dorsila naye hakukaa kulia. Alikwenda Kosele akazungumza na kaka yake, akarudi na binti wa kaka huyo, jina lake Leah. Mimi nilikuwa bibi harusi mgeni hapo kijijini, na niliwaona wakiingia langoni. Leah aliwekwa ndani ya nyumba ya Dorsila. Ogola hakumjengea hata kibanda. Leah akamzaa Barrack. Mtoto huyo alimwita Dorsila mama, na mzazi wake alimwita Leah tu, kwa jina, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Leah alifariki Barrack akiwa bado mdogo, akazikwa kando ya nyumba ya Dorsila, kwa sababu nyumba nyingine hakuwa nayo.

Kwa hiyo wake watatu, nyumba mbili. Kijiji kizima kilijua. Hakuna aliyeona haja ya kuandika.

Baadaye dhahabu ilipatikana upande wa chini wa shamba, wachimbaji wakaja na mashimo yao, na mwenye shamba akawa anapata fungu lake la mawe. Ogola akafa. Familia ikakaa vizuri, sitawadanganya. Wakili wa mjini aliwashauri shamba lisigawanywe vipande wala lisiandikwe jina la mtu mmoja. Liwekwe kwenye trasti ya familia, yaani lishikwe na wadhamini wachache kwa niaba ya wote. Wakakubaliana kwamba kila nyumba itoe wadhamini, na mwenyekiti atoke nyumba ya kwanza, kwa heshima ya mikayi. Mwenyekiti huyo ndiye atakayetia sahihi mikataba yote na wachimbaji. Wote walipiga makofi, Wycliffe akiwemo. Nilikuwepo.

Lakini kabla ya hati ya trasti ilihitajika barua ya chifu, na barua ilihitaji daftari langu.

Wiki hiyo nilikuwa nimesimamia matanga mawili. Miguu ilikuwa imevimba. Nilifika ofisini nikakuta karani mpya na fomu mpya, imechapwa vizuri, ina mistari: mke wa kwanza, watoto aliowazaa, mke wa pili, watoto aliowazaa, hivyo hivyo mpaka chini. Nikamwambia karani kwamba hapa kuna nyumba mbili.

"Mama, wake ni wangapi?"

"Wake ni watatu, nyumba ni mbili."

"Basi jaza watatu. Mambo ya jikoni hayana mstari hapa."

Ningeweza kusimama nimwite chifu. Chifu alikuwa chumba cha pili, nilimsikia akikohoa. Sikusimama. Nilikuwa nimepata kiti. Nikaandika: mke wa kwanza Dorsila, watoto hakuna. Mke wa pili Jenipher, watoto wanne. Mke wa tatu Leah, marehemu, mtoto mmoja, Barrack. Nikaisoma mbele ya familia kwa Kiswahili, haraka. Dorsila Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Alisikia jina la Barrack likitajwa, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Wycliffe aliomba karatasi, akaiangalia muda mrefu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Asante, Mama. Umeandika vizuri sana."

Aliyekuwa macho angeshtuka hapo. Mimi nilitaka kwenda kulala.

Haukupita mwaka akaja mtu mwenye mashine ya kusaga mawe. Alitaka upande wa juu wa shamba, na upande wa juu ndipo palipo na nyumba ya Dorsila. Barrack alisema hapana, mama yake anaishi pale. Wycliffe akasema sawa, tuchague mwenyekiti kwanza, mwenyekiti ndiye atajibu. Walipokaa kuchagua, Barrack akasimama kwa nyumba ya kwanza. Wycliffe akatoa nakala ya barua ya chifu.

"Nyumba ya kwanza ina watoto wangapi hapa? Soma mwenyewe, ndugu yangu. Wewe uko nyumba ya tatu. Nyumba ya kwanza ikiwa tupu, kiti kinashuka kwa nyumba ya pili. Mimi sijaandika hii. Imeandikwa na mama Ouma wetu, na mhuri wa serikali uko hapo."

Kesho yake asubuhi Dorsila alikuja kwangu kwa miguu, na fimbo. Nilimkaribisha, akakataa kukaa.

"Min Ouma," akaniita kwa Kijaluo, yaani mama Ouma, "umeniandika nini?"

Nikaanza kueleza habari ya fomu na mistari.

"Sijauliza mistari. Barrack amenisomea. Umeandika Dorsila hana mtoto. Wewe. Uliyekuja kwangu kumwosha Barrack akiwa na siku mbili, ukasema ana masikio kama ya Ogola."

"Tutarekebisha. Hawatavunja nyumba yako."

"Nyumba ni udongo," akasema. "Wakati wa uhai wa Jenipher tulishindana naye miaka mingapi? Hata yeye, na ule mdomo wake, hakuniita tasa. Imebaki wewe, na mhuri."

Akageuka akaenda. Sikumsindikiza. Sikuwa na uso wa kumsindikiza.

Nilikwenda kwa chifu. Akaniambia ukweli, kwamba barua ikishaingia mahakamani haibadilishwi ofisini, anayeweza kuibadilisha ni jaji. Lishikeni hilo: kabla ya mhuri una nguvu kuliko jaji, baada ya mhuri huna nguvu kuliko karani. Barrack akafungua kesi ya kudai kwamba yeye ni wa nyumba ya kwanza na uenyekiti wa trasti ni wake. Mahakama ikaamuru pasichimbwe upande wa juu mpaka iamue.

Wakili wa Barrack alitaka ushahidi wa Kosele. Nikaenda. Kaka yake Dorsila yu hai, mzee sana, macho yameingia ukungu. Nilimkuta akimenya viazi vitamu kwa kupapasa. Nilimweleza shauri lote, la trasti, la wadhamini, la mwenyekiti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo serikali inataka kujua kama nilimpa dada yangu binti?"

"Ndiyo, Jaduong'."

"Nilimpa. Na Ogola alileta ng'ombe wa mahari mara ya pili kwa jina la Dorsila, si kwa jina la Leah. Waambie waje wamwulize ng'ombe." Akacheka peke yake. "Si unaona? Mnakuja kwangu nikiwa kipofu ndipo mnataka niwaonyeshe njia."

Aliweka alama ya kidole kwenye hati ya kiapo mbele ya wakili, kwa sababu safari ya Migori hakuiweza.

Kisha tukangoja. Kungoja mahakamani ni kazi kamili, na hamtafundishwa na mtu. Siku moja wakili anaumwa. Siku nyingine jaji amehamishwa. Siku nyingine faili haionekani, na siku inayofuata inaonekana juu ya meza ile ile. Dorsila alikuja kila mara, amevaa kitambaa cheupe, anakaa benchi ya mbele hasikii lugha inayosemwa. Nilimwambia abaki nyumbani. Tarehe iliyofuata alikuwa benchi ile ile. Wakati huo hakuwa akinijibu jambo lolote.

Siku yangu ya kutoa ushahidi ilifika, nikasimama kizimbani nikaapa. Wakili wa Wycliffe ni mtu mwenye adabu, na mtu wa aina hiyo ndiye anayekata.

"Mama, umekuwa mzee wa kijiji miaka mingi. Umeandika orodha nyingi kama hii?"

"Nyingi."

"Umesoma hadi darasa gani?"

"La nne."

"Lakini kusoma na kuandika unajua."

"Nisingejua tusingekuwa hapa."

Watu wakacheka. Jaji akawaangalia wakanyamaza. Wakili akanipa karatasi.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Wangu."

"Soma mstari wa kwanza."

Nikasoma. Mke wa kwanza Dorsila. Watoto, hakuna. Karani wa mahakama akautafsiri kwa Kijaluo kama kazi yake inavyomtaka, kwa sauti, na Dorsila akayaelewa kwa mara ya kwanza kama maneno ya mdomo wangu mwenyewe. Aliinua uso akaniangalia. Nimesimamia ugomvi wa mapanga katika kazi hii. Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa macho yale.

"Sasa, Mama, ama uliidanganya serikali siku ile, ama unaidanganya mahakama leo. Ni lipi?"

Mawakili wanapenda kukupa milango miwili. Nilitaka kumtaja karani. Nilitaka kutaja fomu, na matanga, na miguu. Yote yalikuwa kweli. Lakini nilijua kila kisingizio nitakachotoa kitamweka Barrack kwenye mashaka zaidi, kwa hiyo nikamgeukia jaji.

"Mheshimiwa, nilijua ukweli nikauacha. Fomu ilikuwa na mstari wa aliyezaa, haikuwa na mstari wa nyumba. Nilipaswa kuikataa, au kuandika pembeni. Nilikuwa nimechoka nikajaza. Mtoto ni wa nyumba ya Dorsila. Niliona mama yake mzazi akiletwa, niliona anapikia wapi, niliona alikozikwa. Kosa ni langu, si la mtoto na si la yule mama pale."

Jaji aliandika muda mrefu. Akaniuliza swali moja tu: Leah aliwahi kuwa na jiko lake? Nikasema hapana. Akasema nishuke.

Nje, Wycliffe alinisubiri kwenye ngazi. "Mama, Barrack amekulisha nini?"

"Amenilisha aibu. Nimeshiba."

Hukumu ilikuja baada ya mahindi ya msimu mwingine. Jaji alisema hati ya trasti ilipotaja nyumba ilimaanisha nyumba kama familia yenyewe ilivyozijua, si kama fomu ilivyozipanga. Barrack ni wa nyumba ya kwanza. Uenyekiti ni wake, ila kila mkataba utiwe sahihi pia na mdhamini wa nyumba ya pili. Walitutafsiria. Dorsila akamwomba karani arudie ile sehemu ya Barrack. Akarudia. Akamwambia arudie tena. Karani akamtazama jaji, jaji akaitikia kwa kichwa, akarudia.

Nilirudi nyumbani nikalala siku mbili. Nikajisemea nimelipa, nyumba ya mama yule imepona.

Miezi mitatu baadaye niliona magogo ya kushikilia mashimo yakishushwa upande wa juu. Barrack alikuwa ametia sahihi na yule yule mtu wa mashine. Wycliffe ametia sahihi chini yake. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu kifo cha baba yao.

Nilikwenda na hasira ya miaka yote ya benchi. Nilimkuta Barrack akipima na kamba.

"Wewe ndiye niliyejivua nguo mahakamani kwa ajili yake?"

Hakunijibu kwa ukali. Mtoto huyu hakulelewa hivyo. "Mama Ouma, upande wa chini mawe yamekwisha. Watoto wangu wako shule, wa Wycliffe wako shule. Nyumba ya mama inavuja, ukuta umepasuka kwa mitetemo ya mashimo. Nimemjengea pale karibu na barabara, ya mabati, sakafu ya simiti. Kaburi la baba na la Leah tumezungushia seng'enge, hakuna atakayegusa."

"Kwa hiyo Wycliffe angefanya hivi hivi."

"Wycliffe hangejenga."

Nikaondoka kwake nikaingia kwa Dorsila. Nilitegemea kumkuta chini analia. Mikayi kuhamishwa kwenye nyumba aliyojengewa na mume wake, mume akiwa amelala hapo nje, kwetu si jambo dogo, hata kwa sisi Wasabato tunaokwenda kanisani Jumamosi. Alikuwa amepanga vyungu mlangoni kwa ukubwa, anafuta masizi ya kimoja kwa majani.

"Dorsila, bado kuna mahakama. Twende kwa wakili. Jaji yule anatujua, nitasimama tena."

"Utasimama useme nini?"

"Kwamba trasti ni ya kukulinda wewe. Kwamba hii nyumba ndiyo tuliyoipigania."

Aliendelea kufuta. Tangu asubuhi ile ya fimbo hakuwa amezungumza nami zaidi ya salamu.

"Wycliffe angenitoa hapa, ningetoka kama mwanamke asiye na mtu," akasema. "Ningekufa njiani kwa makusudi, nimwachie balaa. Huyu ni mwanangu. Mtoto akimjengea mama yake, mama anahamia. Wanawake wote wa hapa wamehamia kwa watoto wao, umewahi kuwapeleka kwa wakili?"

"Mimi nilikuwa napigania nyumba yako."

"Nani alikutuma nyumba? Nilikuja kwako nikakutuma mtoto. Umechelewa, lakini umemleta."

Akanisukumia chungu kikubwa, cha kupikia uji wa matanga, kizito kweli.

"Hicho beba wewe. Barrack atakivunja."

Nikakibeba.